Jiwe la Mama Ulilolivunja

Arusha

Masunga mdogo wangu,

Mwangaluka. Nakusalimu kwa kuwa nililelewa, si kwa kuwa nimetulia. Wifi yangu hajambo? Watoto wanakwenda shule? Mimi ni mzima, kazi ya hotelini inaendelea, baridi imenikausha midomo na hasira imenimalizia usingizi. Nakuandikia maana kwenye simu ukisikia sauti yangu imepanda unasema mtandao unasumbua, unakata.

Nilikuomba kitu kimoja tu. Mbele ya nyumba ya mama hapo Somanda patengenezwe sakafu, apate pa kukaa nje wakati wa mvua bila kukanyaga lile tope linalonata mpaka vifundoni. Tukajadiliana mwezi mzima kama watu wenye akili. Uliposema mbao, kama zile za kwenye picha ya hoteli yetu niliyokutumia, nikakwambia hizo mbao nazipiga deki mimi kila asubuhi, na fundi haishi kung'oa zilizooza. Huko kwetu mchwa hawatasubiri hata zioze. Ukasema vigae vya kung'aa. Nikakuuliza, unataka mama ateleze avunjike nyonga ili wageni wajione sura zao sakafuni? Tukakubaliana matofali ya pevingi, yapangwe juu ya kifusi cha moramu kilichoshindiliwa vizuri, maana udongo wetu mweusi ukinyeshewa unavimba na ukikauka unapasuka. Ukasema, "Sawa dada, nimekuelewa." Ulielewa nini, Masunga?

Mama mdogo ndiye aliyenipigia kutoka Mwamanyili kunieleza. Kumbe pevingi uliziona za kawaida mno, kila nyumba inazo, wewe ukataka mawe ya asili kama ya mahotelini. Na badala ya kwenda kuyatafuta, ukaligeukia jiwe la mama! Jiwe la nyuma ya nyumba, pana kuliko chumba chako cha kulala. Mkachoma matairi juu yake tangu asubuhi, mkalimwagia maji likapasuka, mkalimalizia kwa nyundo. Mtu anatafuta sakafu, anavunja sakafu ambayo Mungu alishaiweka bure!

Sasa mama ataanika wapi michembe? Kila msimu wa viazi anakaa pale na kisu chake, anakata, anatandaza, jua linapiga juu na jiwe linachoma chini, vinakauka vyeupe bila ukungu. Pamba ilipokosa bei, si michembe hiyo tuliyokula na karanga mpaka mwaka ukaisha? Tulipokuwa wadogo alituweka pale asubuhi jiwe likianza kupata joto, na wewe ndiye uliyekuwa ukilia ukishushwa. Nina hasira mpaka msimamizi wangu ameniuliza ile ndoo ya deki imenikosea nini.

Lakini kwa jiwe peke yake labda ningekutukana kwenye simu yakaisha. Kilichonichoma ni kwamba ulimwambia mama, "Dada ndiye anayetaka hivyo." Ulijua wewe angekukatalia. Ulijua mimi hanikatalii. Akakunja kanga zake, akaenda kwa mdogo wake Mwamanyili moshi wa matairi ukiwa bado uani. Huna hata haya?

Jana nilimpigia. Nikamwambia, "Mama, si mimi. Sikuagiza jiwe lako livunjwe." Akasema kwa upole kabisa, "Usimsingizie mdogo wako, mayu, mwanangu. Nyumba ni yenu. Mkitaka iwe hivyo, basi iwe hivyo." Nilijifungia chooni pale kazini nikalia kama mtoto. Angenigombeza ningepata nafuu.

Kwa hiyo kazi isimame. Usipange hata kipande kimoja mbele ya ile nyumba. Ukishaisoma barua hii, panda gari uende Mwamanyili. Usitume ujumbe, na usimtume wifi akakusemee. Ukakae chini, mama mdogo naye awepo asikie.

Msalimie wifi, najua alikukataza ukamwambia mambo ya ujenzi hayajui. Baba mkubwa mwambie dawa yake ya mgongo nimeipata, nitaituma na basi. Jirani yetu mama Holo, aliyekuja kuuliza mnachoma nini ukamjibu ovyo, kamwombe radhi. Watoto wote uwakumbatie kwa ajili yangu, hao hawana kosa.

Mama usimpe salamu zangu. Zikitoka mdomoni mwako atadhani tumepanga. Mpe maneno mawili tu, na uyaseme ukimtazama usoni: "Ni mimi."

Dada yako,
Kabula