Samaki Wamo Bafuni

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Watoto waogee nje, kwa ndoo. Usije ukamwaga maji ya beseni kubwa bafuni. Ni ya chumvi ya kuwatibu, na samaki wamo humo.

Nimetoka kumtafuta bwana samaki, yule afisa wa ufugaji. Asubuhi nimewakuta kambale wetu wa kuzalisha wameota ukungu mweupe mgongoni, utadhani wamebandikwa pamba. Watatu wameshakufa. Sijalia, nimechoka tu.

Wifi zangu walipokuja Jumapili, uliwatoa majini mmoja mmoja, ukawapakata kama watoto ili wapigwe picha. Nikakwambia, lowanisha mikono kwanza, mikono mikavu inawatoa ute na ngozi inachubuka. Ukacheka, ukasema nawafanyia choyo dada zako. Haya, ukungu umepita palepale ulipochubua.

Ule wavu wa bluu niliowavulia wagonjwa usiutie kwenye bwawa la pili, utawaambukiza wazima. Uanike juani.

~~Chakula cha jioni jipikie mwenyewe.~~ Chakula kimo kwenye sufuria, kipashe moto.

Yule jike mkubwa uliyempa jina langu kwa utani wako, yumo kwenye beseni, bado anahema. Jioni mbadilishie maji wewe, usimtume mtu. Lowanisha mikono, umwinue polepole. Nikirudi nitautazama mgongo wake, nijue kama safari hii ulinisikia.

Mama watoto