Paka wa Dirishani

Bertrand mwanangu,

Viazi vitamu nimevifunga kwa foili, bado vya moto. Uji umo kwenye chupa ya chai. Baridi ya huko milimani haina adabu, kunyweni kabla meno hayajagongana. Karanga ~~Lyse asipewe~~ mpe Lyse, ni mtoto tu.

Asubuhi huyo Lyse mwanao kanionyesha katuni alizochora. Nyumba nzima tumekuwa paka. Wewe ni wa Kiajemi, manyoya tele na pua imebonyea, hapo hakukosea. Mkeo ni wa Siam, shingo ndefu, anajiona. Mmebeba mabegi, mnapanda mlima. Mimi ni yule paka asiye na manyoya, mikunjo mitupu, nimekaa dirishani.

Nikamuuliza, "Mbona mie sipandi?"

"Bibi, baba kasema wewe unabaki. Korona itakukamata."

Kumbe mtoto kajua kabla yangu! Nami nimeamka alfajiri kuchemsha viazi, buti nimeshavaa, nikidhani nafunga na vya kwangu.

Nimekwenda kuzunguka bustani na barakoa yangu, usihangaike kutafuta maneno. Kwetu msafiri havuki kizingiti bila kumuaga mama yake. Leo mama katangulia kutoka. Viage viti.

Mama yako