Mama Kiti cha Mbele

Jumatatu, 6 Oktoba

Dekani kaniita. Jumamosi chuo kinasherehekea ualimu — wahitimu wa zamani, wazazi, wenye maduka, yeyote mwenye miguu aje. Nasi watafiti tutasimama chini ya turubai kuwaeleza watu tulichokipata. Kwa lugha ya nyumbani, kasema. "Utafiti usilale kabatini kama suti ya marehemu." Nikacheka.

Kisha akasema walimu wastaafu watatuzwa kwanza. Na mama yangu yumo!

Nikashukuru. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi. Utafiti wangu ni juu ya adhabu shuleni — watu wazima wanavyozikumbuka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeyasikiliza tena maneno ya fundi wa mageti. Nilimhoji karakanani kwake. Kila nikiuliza alinigeuzia sikio la kulia. La kushoto lilikufa akiwa darasa la nne, hesabu za kugawanya, kofi moja la mwalimu. "Kofi si neno, dada. Neno ni kwamba ukishapigwa, unasema: asante, mwalimu. Nikasema. Na sauti yangu mwenyewe niliisikia upande mmoja."

Hakumtaja mwalimu. Hakuwa na haja. Shule ile, miaka ile, asante ile — ni mama. Fundi naye hajui mimi ni binti wa nani.

Mimi mama hakunigusa hata siku moja. Nyumbani alikuwa pamba.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeifuta slaidi ya fundi. Nimeirudisha. Nimeifuta.

Nikampigia fundi: je, lile la asante nikiliacha? Mashine ya kukatia chuma inalia nyuma yake. Mwishowe: "Sasa ukiliacha hilo utakuwa umesema nini? Makofi kila mtu kala."

Nimeirudisha.

Mama naye kapiga simu. Avae gauni la bluu au la rangi ya maziwa? La bluu, nikasema. Nilitaka kumwambia. Tukaongea viatu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeenda kwake nimwambie. Majirani wamejaa sebuleni, wanampongeza. Nimerudi kama nilivyokwenda.

Jumamosi, 11 Oktoba

Turubai lilijaa hadi watu wakasimama juani. Mama wa kwanza kuitwa. Akavishwa skafu, akapewa maiki. Akasema wazazi wa wanafunzi wake walikuwa wakiweka dole gumba. Watoto wao wakaandika majina. Makofi! Na ni kweli, ndilo linaloniuma. Fundi mwenyewe kibao chake karakanani kakiandika kwa mkono wake, herufi zimenyooka.

Kisha mimi. Mama kiti cha mbele, mkoba mapajani, ananitazama kama siku yangu ya kwanza shule.

Nikaeleza tulivyouliza, tuliowauliza. Nikafika pale. Nikasoma maneno ya fundi, bila jina, bila shule. Niliposema "asante, mwalimu" turubai zima likacheka! Kicheko kikubwa, cha watu wanaojuana. Baba mmoja akapaza sauti: hata sisi! Mwingine akapiga paja. Nikasubiri. Kikaisha chenyewe, na kilipoisha kukawa kubaya zaidi.

Mama hakucheka.

Wakati wa maswali akanyoosha mkono. Aliunyoosha kiwanafunzi, kidole juu. Akaletewa maiki.

"Huyo mtu. Sikio lilikuja kupona?"

"Halikupona, mama."

Sikupaswa kusema mama pale, kwa sauti ya nyumbani. Akabaki amesimama. Akakaa na maiki mkononi, ikabidi mwenye vyombo vya sauti aje aitoe vidoleni mwake polepole.

Nikamrudisha kwa gari. Kwenye geti lake akavua skafu, akaikunja, akaiacha kwenye kiti.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimefika kwake asubuhi. Chai imepoa, hajainywa.

"Ni nani?"

"Nilimwahidi, mama. Siwezi kusema."

"Hata kwangu?"

"Kwako hasa."

Nilidhani atagomba. Nilitamani agombe. "Sisi tulifundishwa hivyo," akasema, "chuoni humohumo mwenu, na waliotufundisha walisifiwa." Kisha, kama anayejijibu: "Lakini ile ya asante sikufundishwa na mtu. Ile niliitunga mimi."

Nikamshika mkono. Akauacha kidogo, akautoa.

"Nimewaza tangu jana," akasema. "Nimepata wanne."

"Wanne gani?"

"Wanaoweza kuwa huyo."

Akawataja. Muuza viatu wa kituoni. Mtoto wa mkunga. Pacha mmoja, hakumbuki yupi. Na yule mwembamba wa dirishani, aliyekuwa akilala darasani. Kila mmoja kwa hesabu aliyoikosa! Kumbe anazo zote.

Fundi hayumo.

Nikaenda jikoni nikajidai napasha chai. Ndipo ninapoandika. Nikimwambia hayumo, nimeshavunja ahadi nusu. Nikinyamaza, atawaamsha watu wanne ambao hata sikuwahoji, na wa tano hatamfikia. Na baada ya wa tano?

Namwona mama kupitia mlango. Kaomba namba zao kwenye kundi la simu la wanafunzi wake wa zamani, wamemtumia mara moja, na maua. Kavaa miwani. Kaiweka simu kwenye spika.

Anampigia muuza viatu. Inaita. Sauti ya mtu mzima, changamfu: "Mwalimu! Jamani, mwalimu wangu! Hongera!"

Mama anaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mwalimu? Unanisikia?"