Gari la Milango Miwili

Nyanchwa, Kisii
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Kwa Dada yangu mpendwa Orpah,

Pokea salamu zangu nyingi, zenye ubaridi wa huku kwetu, nikitumaini zitakupunguzia joto la Garissa japo kwa muda wa kuisoma barua hii. U mzima? Wanafunzi wako hawajambo? Na kile kikohozi ulichonilalamikia mwezi Julai, kimeondoka au vumbi bado linakitunza? Sisi huku tu salama. Mzee yuko imara pale Nyamache, na migomba imemkubali mwaka huu. Kila akikata mkungu mkubwa husema huo ni wa Orpah, kisha anaula yeye mwenyewe kwa niaba yako.

Najua utashangaa kupata barua ilhali simu zetu zote mbili zinafanya kazi. Nimeandika kwa sababu kila nikianza kukueleza habari za gari langu kwa simu, unanikatiza ukiuliza nitanunua shamba lini. Barua haikatizwi, Dada. Uisome mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Gari lenyewe ni Toyota Celica, ile iitwayo GT-Four, jekundu, la mwaka 1995. Limenizidi umri kwa miaka mitatu, kwa hivyo kwa adabu ulizonifundisha ningepaswa kuliamkia kila asubuhi. Magurudumu yote manne yanavuta, injini ina turbo, na boneti ina tundu la kuvutia hewa ambalo majirani wa hapa Nyanchwa wanadhani ni la kupitishia uji. Ni la ukoo ule ule uliotamba katika mbio za Safari zamani, Mzee akifuatilia kwa redio. Sikulinunua liwe la kwenda kazini. Kazini naenda kwa bodaboda kama watu wote. Hili ni la wikendi, la furaha, la kumkumbusha mtu kwamba alisoma uhandisi kwa sababu alipenda mashine kabla hajapenda mshahara.

Aliyeniuzia ni Shueib, muuza vipuri wa pale mjini, ambaye babu yake alikuja Kisii kuuza nguo akaota mizizi. Ekegusii chake kinapita changu, na utani wake pia. Alikuwa amelihifadhi gari chini ya turubai safi, akalifunua polepole kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto aliyelala. Nilipomuuliza kwa nini analiuza, alinijibu kwamba yeye alikuwa bachela, kisha akawa baba, na sasa mkewe Nasteho amejifungua mapacha, naye baba amegeuka basi. Siku ya Idi, alisema, watoto wake huingilia dirishani. Kisha akanionya, akicheka, kwamba gari la milango miwili halina mlango wa wakwe, na kwamba siku nikitaka kuoa nitamkumbuka. Nilicheka pamoja naye. Sikujua kwamba nimepewa unabii.

Tulikuwa tumeahidiana tukutane Ijumaa. Nilifika saa sita mchana, kumbe ndiyo saa yake ya kwenda msikitini. Aliporudi ilibidi ale, na alipokula ilibidi nami nile, kisha akataka kunijulisha kwa kila nati. Jua likaanza kuinama, nami ni Msabato. Nikamwambia kwa heshima kwamba likizama sitanunua hata kiberiti. Shueib akapiga makofi, akasema tangu azaliwe hajaona biashara iliyobanwa na dini mbili siku moja. Tulipeana mikono mwanga wa mwisho ukiwa bado juu ya bati la duka lake, na gari nikaliacha hapo hapo hadi Jumapili, maana Sabato si siku ya kuchezea mashine. Ndiyo sababu nawaambia watu kwamba wikendi ya Msabato ni siku moja tu, na siku hiyo lazima iwe nzuri.

Na ni nzuri, Dada! Ungeniona Jumapili asubuhi nikitoka mjini kuelekea Keroka, majani chai yakimeta kwa umande pande zote mbili, turbo ikipiga mluzi kila nikianza mlima. Naendesha kwa kufuata sheria, usiwe na hofu, lakini hata kwa kufuata sheria gari hili linajua kujitambulisha. Mogire, mhandisi mwenzangu ofisini, alilibatiza jina la mlango mmoja na nusu, akaniuliza kama abiria wa tatu nitamfunga juu ya paa kama godoro. Mogire huyo huyo ameniomba mara nyingi ashike usukani angalau hadi kituo cha mafuta. Nilimkatalia. Nilimkatalia kila mtu. Nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba usukani huo utaguswa na mimi tu.

Hapa sina budi kukujulisha kwa Ruth, yule uliyemsikia akicheka nyuma yangu siku moja kwenye simu, ukaniuliza ni redio gani hiyo. Si redio. Ni Ruth Nyangau, afisa wa kilimo, msomi kama mimi, ambaye kazi yake ni kuzunguka na pikapu ya ofisi katika vilima vya Nyamira akiwashauri wakulima. Kwao ni Gesima. Kwa miezi mingi sasa amekuwa abiria wangu wa Jumapili. Aliwahi kuniomba mara moja aliendeshe, nikamweleza kwa upole kwamba gari lenye turbo linahitaji mkono uliozoezwa. Akatabasamu, akageuka kutazama chai. Nilidhani amekubaliana nami.

Kila nilipompeleka kwao nilisimama penye kona ya mikaratusi, karibu na duka la Mama Ochoki, naye akashuka akamalizia kwa miguu. Sikuwa nimejulishwa kwao rasmi, na wewe ulinifundisha kwamba kijana asiyetangulizwa na wazee haonekani langoni mwa watu. Niliona kwamba naishika desturi barabara. Nadhani pia nilikuwa najificha.

Jumapili ya tarehe kumi na saba ilikuwa siku ya kwanza ya makambi, ile mikutano ya kila mwaka ya kanisa letu, huku Nyanchwa, na kwaya ya akina mama wa kanisa la kina Ruth ilikuwa imealikwa kufungua ibada ya mchana. Mvua ilinyesha alfajiri kama iliyotumwa. Mimi na Ruth tulipofika kwenye kona tuliwakuta akina mama wamesimama chini ya upenu wa duka, sare zao za zambarau wamezifunga katika mifuko ya plastiki. Gari walilokodi lilikuwa limegoma kushuka kutoka kwenye lami; dereva alikuwa amewapigia simu kwamba anawasubiri juu ya mlima, na anayetaka kuimba apande kwa miguu. Wenye magoti mazima walikuwa tayari kuvua viatu. Lakini sauti ya kwanza ya kwaya hiyo, ile inayoanzisha kila wimbo, ni Mama Ruth, na goti lake la kushoto halipandi ngazi, sembuse mlima wa matope. Bila yeye, walisema, wataenda Nyanchwa kupiga miayo mbele ya mchungaji.

Mama Ochoki, ambaye ulimi wake haukuwekewa breki, ndiye aliyeniona kwanza. Aliniita dereva. Aliniuliza teksi yangu inatoza ngapi kumpandisha mama mmoja hadi kwenye lami, na ni kosa gani nililofanya hata nikanyimwa milango mingine. Wenzake wakacheka. Mimi, mwenye shahada ukutani, niliitwa dereva wa teksi mbele ya Ruth. Na bado, Dada, hasira yangu ilikatika katikati, kwa sababu niliona kwamba ameniwekea mtego bila kujua.

Wewe unazijua chinsoni zetu, zile adabu za kuoneana haya, kuliko mimi. Mkwe na mama mkwe hawashikani hata mikono. Watakaaje bega kwa bega katika kigari kile, gia ikiwa katikati, kiwiko changu kikimgusa kila nibadilishapo gia? Na kiti cha nyuma hakifikiwi ila kwa kukunja cha mbele na kumsukuma mtu mzima kama gunia, jambo ambalo ni baya zaidi. Lakini dereva wa teksi si mkwe wa mtu. Kama ningenyamaza tu, nikakubali kuwa teksi, Mama Ruth angepanda, kwaya ingeimba, na mimi ningerudi mjini nikiwa nimesaidia. Ila ningekuwa nimemkana Ruth mbele ya mama yake, na siku ningekuja na wazee ningekuwa yule dereva aliyelipwa kwa kumsugua mama mkwe bega. Nilimtazama Ruth. Hakunisaidia kwa neno wala kwa jicho. Alisimama kwenye mvua hafifu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwenzake.

Nilizima injini, nikashuka. Nilisema kwa Ekegusii, maana Kiswahili changu cha chuo kingeonekana nimekikodi. Nilisema kwamba mimi ni Jethro, mwana wa Osoro wa Nyamache, kwamba mimi si teksi, na kwamba mimi ndiye ninayetaka kuwaleta wazee wangu katika boma la Mzee Nyangau kwa ajili ya Ruth, wakinikubalia.

Kisha vigelegele vikalipuka. Mama Ruth, aliyekuwa ameshafika karibu na mlango wa gari, alivuta leso akajifunika mabega, akageuza uso pembeni, akarudi nyuma. Alisema, akiielekezea mikaratusi na si mimi, kwamba anamshukuru mgeni, ila gari lile limekuwa jembamba ghafla. Mama Ochoki akaomboleza kwa sauti kwamba wamepata mkwe na kupoteza sauti ya kwanza kwa pumzi moja, na kwamba kijana msomi angeweza kungoja hata nusu saa ndipo apende.

Hapo ndipo Ruth aliponyoosha mkono, kiganja juu.

Dada, nimekuandikia kurasa hizi zote kuhusu namna ninavyoliendesha gari langu ili nikiri kwako hili: siku ambayo gari hilo lilifanya kazi yake kubwa kuliko zote, sikuliendesha mimi. Nilimpa funguo. Vidole vyangu vilichelewa kuziachia, naye aliona, lakini nilimpa. Mama yake alikaa mbele, wanakwaya wawili wembamba wakajikunja nyuma. Mimi ningelikanyaga kwa nguvu ili mlima ujue ni nani aliyekuja. Ruth aliweka gia ya pili na kupanda polepole, kwa mwendo mmoja usiobadilika, kama mtu anayepeleka mayai sokoni. Aliyapita matope yaliyolitia hofu gari la kukodi, na turbo haikupiga mluzi hata mara moja. Sijawahi kuliona gari langu likiwa zuri vile, na ilibidi niwe nje ndipo nilione.

Nami nilipanda kwa miguu, nikiwa nimebeba spika ya kwaya begani, viatu vyangu vya kazini vikiwa vimeacha kuwa viatu. Akina mama walitunga wimbo papo hapo juu ya mkwe aliyekuja kwa turbo na kuondoka kwa nyayo. Kila ubeti ulikuwa mbaya kuliko uliotangulia. Niliitikia kiitikio. Mchana, pale Nyanchwa, nilisimama nyuma kabisa ya hema, nikasikia sauti ya Mama Ruth ikitangulia peke yake kabla wengine hawajaifuata, na nikajivuna kana kwamba nimeitengeneza mimi.

Ijumaa iliyopita Ruth aliniletea maneno ya baba yake. Mzee Nyangau alikuwa amesikia habari za gari jekundu kwenye kona kwa muda mrefu, na alikuwa ameniandalia jibu la hapana, kwa sababu, alisema, mwanamume anayenunua milango miwili amejihesabu yeye peke yake. Kisha akasikia ni nani aliyelipandisha mlima na ni nani aliyebeba spika. Amesema wazee waje Desemba, baada ya mvua.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mzee ataongoza wanaume, lakini upande wa akina mama kuna kiti ambacho marehemu Mama angekikalia. Sitaki kikaliwe na shangazi yeyote. Ni wewe uliyenifunga kamba za viatu siku yangu ya kwanza shuleni, na ni wewe nitakayejivunia kukuona umekaa pale. Tafadhali omba ruhusa mapema. Nilipomwendea Shueib kumuuliza nitapata wapi gari la kuwabeba wazee, alicheka mpaka akashika meza, kisha akasema ataendesha mwenyewe lile gari kubwa la familia analoliita basi, watoto watabaki na Nasteho.

Kuhusu shamba, usiulize. Ruth ameshauliza, na tunatafuta pamoja. Kuhusu Celica, haliuzwi. Ila huko Gesima hakuna anayeliita langu tena. Wanaliita gari la Ruth, na Jumapili ya jana, tulipofika penye mlima, nilihamia kiti cha abiria bila kuambiwa.

Nisalimie walimu wenzako wote, na yule jirani yako anayekuletea maziwa ya ngamia. Mungu akulinde mpaka tutakapokumbatiana Desemba. Ukifika stendi ya Kisii tutakuja kukupokea. Utakaa nyuma, Dada, na nitakukunjia kiti kwa heshima zote. Mbele pana mwenyewe.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Jethro Osoro
Mhandisi, na abiria wa Jumapili