Banda Chini ya Dirisha la Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini u mzima huko ugenini. Hapa mvua imegoma, ila kuku wanataga vizuri. Baba aliwajengea banda nyuma ya nyumba kwa mbao za kitanda chako cha zamani. Usinune, ulikikimbia mwenyewe.

Mama alipozidiwa, alimwambia Baba, "Mzee, nisogezee kuku niwaone." Banda lilikuwa zito kama nini! Tulilibeba na majirani, kuku wakipiga kelele ndani, Baba akirudi kinyumenyume huku akifoka, "Polepole, mtanivunja mguu!" Tulipolitua chini ya dirisha lake, Mama alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa nimeshasahau kicheko chake.

Sasa kaa chini kwanza. Mama alitutoka Jumapili alfajiri. Simu yako haikupatikana, tukamzika bila wewe. Usijilaumu. Alikutaja kwa upendo mpaka mwisho.

Jana nilimwambia Baba tulirudishe banda mahali pake. Akajibu, "Liache hapo. Chumba kikiwa kimya silali." Halafu akaingia ndani, akalia kwa sauti. Sijawahi kumwona hivyo.

Njoo, mdogo wangu. Peke yangu siwezi kumbembeleza.

Ni mimi, dada yako.