Mayungiyungi Uliyoyaita Magugu

Mama,

Uji uko kwenye sufuria, bado wa moto. Tuta la maua mbele ya chumba chako nimelisafisha lote. Vitunguu majani viko upande wa ukuta, mrehani karibu na mlango. Mwagilia jioni, si mchana.

Mayungiyungi ya manjano sikuyang'oa. Asubuhi nilipoyasifu kwa shairi ulisema, "A-Teng, mashairi yako hayaungi mchuzi, toa magugu hayo," nami nikatupa jembe nikatoka. Ulipokwenda sokoni nilirudi nikamaliza. Sasa saa ya treni inakaribia, hujarudi, na sijakuaga.

Basi sikiliza. Mtoto anayesafiri humpandia mama yake maua hayo ili mama asahau wasiwasi. Baba alimpandia Bibi alipokwenda jeshini. Mimi naenda bandarini Kaohsiung, nayang'oaje leo?

Na mchuzi yanaunga. Chuma matumba kabla hayajachanua, uyachemshe kwanza. Mabichi yanaumiza tumbo.

~~Sikukuu ya mbalamwezi usiningoje.~~ Sikukuu ya mbalamwezi, kila mtu anaporudi kula kwao, niwekee bakuli.

Ila usiyachume yote. Nusu yatie kwenye supu. Nusu yaache yachanue, uyaone ukifungua dirisha.

Kitinda mimba wako mkaidi