Risasi Niliyoichagua Mimi

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba, barua yako nimeipata. Huku Njinjo tu wazima. Mama yako yuko shambani anavuna ufuta.

Umeniuliza wazee walichaguaje madini ya risasi ya kuyeyushia goroli za gobore. Kaka yangu Bakari alipenda ile laini ya chubwi, vile vizito vya nyavu kuukuu, inayoshika alama ya kucha. Kazi ya kuchagua ilikuwa yangu. Siku moja, kwa uvivu, nikamchanganyia vipande vigumu vya betri mbovu ya lori.

"Umevijaribu kwa kucha?" akaniuliza.

"Vyote, kaka."

Akaviyeyusha, akatengeneza goroli zake. Alfajiri nguruwe walipoingia kwenye mihogo, akafyatua. Goroli ngumu, isiyobonyea, ikakwama ndani, mtutu ukapasuka. Jicho lake la kulia likaenda, na vidole vitatu.

Maisha yake yote aliwaambia watu, "Nilizidisha baruti mwenyewe." Mimi nikimkatia nyama sahanini, naye akinishukuru kila mlo.

Tulimzika mwezi uliopita. Juzi nilikwenda kaburini kumwambia ukweli. Nikaishia kung'oa majani, nikarudi nyumbani.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Bibi yako,
Somoe